Nilimwambia Staa Kigoma Hakuna Kitu

Leo naombeni niungame, maana hili limenikaa moyoni muda mrefu.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina naliweka kapuni, alikuja Kigoma kupiga shoo. Mshikaji wangu akaniunganisha nimzungushe mji kabla ya usiku. Asee, nilijiona nimetoboa! Tukiwa kwenye gari akaniuliza, "Oya mwanangu, hapa kwenu kuna nini cha kuona?" Nikacheka. "Hakuna kitu bro, dagaa tu." Akarudi hotelini akalala. Kesho yake akaposti video anaucheka mji wetu, eti hata mwenyeji wake kakiri hakuna kitu.

Sasa mama yangu anauza dagaa Kibirizi. Dagaa haohao ndio walionilipia ada mpaka kidato cha nne. Aliposikia hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ujiji pale kwa Livingstone umeshawahi kuingia?" Kiukweli nimepita pale mara mia, kuingia hata siku moja.

Jumapili nikapanda daladala nikaenda. Ile ya Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871 wote tumeisoma shule. Ila Ujiji ilikuwa soko kubwa kabla hata ya hao wazungu. Pembe za ndovu na, inauma kusema, binadamu, walivushwa ziwa mpaka hapa, halafu safari ya miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000. Nilisimama chini ya mwembe nikakosa hata hamu ya kupiga selfi.

Kilichonimaliza ni Susi. Stanley alipokaribia mji, aliyemuwahi kwa salamu ni Susi, mtumishi wa Livingstone, kisha akakimbia kumwambia bosi wake mgeni kafika. Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko Zambia ya leo, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Yaani Susi alimkimbilia mgeni. Mimi mgeni kaletwa mpaka mkononi, nikamfungia mlango.

Na vitu vipo jamani! Kigoma mjini kuna stesheni ya Mjerumani, reli ilifika hapa mwaka 1914. Kuna MV Liemba, meli iliyotengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapahapa. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wakati wa vita, ikaja kuibuliwa mwaka 1924. Ukitaka sokwe, unapanda boti Kibirizi unaenda Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960. Na ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi, duniani linazidiwa na Baikal la Urusi tu.

Nilimtumia yule staa meseji ndefu nikamwomba radhi, nikamwambia akija tena namzungusha bure. Kaisoma. Hajajibu mpaka leo. Poa tu, simlaumu, maneno yalitoka kwangu.

Ila wewe unayesoma hapa, ukija Kigoma nishtue. Safari tunaanzia Kibirizi kwenye meza ya mama, ule kwanza dagaa wa mawese, ndio twende Ujiji.

Haya, niambieni hapo chini: kwenu kuna sehemu gani unapita kila siku na hujawahi kuingia?