Mikono Iliyofurahi

Mwaka 1943 daktari mmoja wa Baltimore, Marekani, Leo Kanner, alichapisha makala kuhusu watoto 11. Makala hiyo ndiyo iliyoufanya usonji ujulikane kama hali inayojitegemea. Wa kwanza kuelezwa ni Donald Triplett, mvulana wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Kanner anasimulia jinsi Donald alivyopenda kuzungusha kila kitu cha duara alichokipata, na jinsi alivyorukaruka kwa furaha akivitazama vikizunguka. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Furaha ya mtoto ilikuwemo tangu makala hiyo ya mwanzo, ila imewekwa katika orodha ya mambo yake ya ajabu, na ikahesabiwa kuwa dalili.

Mimi nilikuwa na gurudumu langu, Tanga, chini ya cherehani ya miguu ya bibi. Bibi aliwakatia watu doti za kanga na kuzipinda, naye alishinda barazani. Mimi nilijilaza sakafuni ubavuni kwake. Gurudumu la chuma likianza kuzunguka, njiti zake huonekana mojamoja. Likishika kasi njiti hupotea, ukabaki mng'ao mwembamba usiotulia. Mkanda wa ngozi ulikuwa umeungwa kwa kipande cha waya, na kila kiungo kile kilipopita kwenye chuma kililia: tik. Nilikuwa nikiingojea ile tik. Ikifika, kitu kilinipanda kutoka nyayoni hadi kifuani, mikono ikaanza kupepea yenyewe, nami nikaunguruma pamoja na mashine. Wapita njia walimuuliza bibi mtoto ana nini. "Amefurahi," aliwajibu, akaendelea kukanyaga.

Shuleni jibu hilo halikutosha. Mwalimu alinitaka nikalie mikono, tena mbele ya darasa zima. Nyumbani nako wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba nimepandwa na shetani. Nikanyweshwa kombe, nikafukizwa. Sina kinyongo nao. Walinipenda, wakanitafutia dawa kwa njia waliyoijua. Harusini mama alinikamata vidole vyote ndani ya kiganja chake, ngoma zikilia, ili watu wasione.

Nikajifunza kutulia, na watu wakamsifu mama kwamba binti yake amekua. Kuna jambo ambalo wenye kusifu hawakuliona: furaha yangu haianzii moyoni ikashuka mikononi. Huanza mwilini. Nilipobana mikono, furaha nayo ilibanwa, na kidogokidogo ikaacha kuja. Nikiwa msichana niliweza kukaa mbele ya cherehani ileile nisisikie chochote, kwa kuwa akili yote ilikuwa kwenye vidole vyangu na macho ya watu. Nilicheka wenzangu walipocheka. Nilikuwa nikichoka sana.

Kilichogeuza mambo ni mtoto wa dada yangu, anayeniita mama mdogo. Alipopelekwa hospitali na kuonekana ana usonji, daktari aliuliza kama katika familia yuko mwingine aliyekuwa hivi. Dada akanigeukia. Haukupita muda nami nikapimwa, mtu mzima mwenye kazi yake, na jibu likawa lile lile. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na maandishi yaliyonifaa zaidi hayakuwa yale yanayotuhesabia kasoro. Mwaka 2005 Dinah Murray na wenzake waliandika kwamba umakini wa mtu mwenye usonji huelekea kumiminika wote kwenye jambo moja kwa wakati mmoja. Nilijiona humo. Masikio yanayoniuma kwa kelele za soko la Kariakoo saa sita mchana, hadi nikatamani kukaa chini katikati ya njia, ndiyo yaliyoisikia tik ya mkanda kuliko mtu yeyote pale barazani. Siwezi kupewa moja nikakataa jingine.

Kuiruhusu mikono tena hakukuwa jambo la siku moja. Nilianza peke yangu, mlango umefungwa, na mwanzoni haikutoka hata dalili ya furaha. Aliyenifungulia ni yule mtoto. Yeye hupenda pindo za kanga. Ukimtandikia kanga sakafuni hupiga magoti, akaufuata ukingo kwa kidole, mchoro mmoja wa korosho baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja. Akifika kwenye kona, mahali mistari miwili inapokutana, husimama, mabega yakapanda, na vidole vyote kumi vikachezacheza kando ya mashavu. Siku moja nilipiga magoti upande wa pili nikaufuata ukingo wangu. Hatukutazamana, wala hatukusema kitu. Tulikutana konani, na mikono yangu ikapepea kabla sijaiuliza. Watu husema wenye usonji hawajui kufurahi na wenzao. Nilikuwepo pale, najua tulichokuwa nacho.

Siku hizi mama ndiye anayemtandikia mjukuu wake kanga, na humchagulia zenye pindo pana. Mgeni akishangaa, mama humwambia mtoto amefurahi.

Donald Triplett alikua, akafanya kazi benki katika mji wake, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Watu wa Forest walimzoea jinsi alivyokuwa. Nawaomba walimu na wazazi wanaosoma hapa: ukimwona mtoto anapepea mikono mbele ya feni au maji ya bomba, na hajiumizi wala hamuumizi mtu, usimkalishe juu ya mikono yake. Sogea, chuchumaa, utazame anachokitazama.