Biti Huvunjikia Wapi? Mvule, CNC na Hesabu Kidogo

Wasomaji wangu, mmezoea kunisoma nikilalamikia hifadhidata na kurasa zisizofunguka kwenye simu. Leo tuzungumze mbao.

Hapa Kiirua kuna karakana ya useremala iliyonunua mashine ya CNC iliyokwisha tumika. Kwa kuwa nina shahada ya sayansi ya kompyuta na ninakaa karibu, niliitwa. Mzee mwenye karakana alinionyesha kopo la rangi lililojaa vipande vya biti. "Kijana," akaniambia, "hii mashine yenu inakula chuma."

Kazi iliyokuwa inangoja ni mlango wa mvule, wenye nakshi ya kina cha milimita 20. Mbao aliziteta mteja mwenyewe, na mvule huku kwetu huja kutoka mbali, Uganda au Kongo. Ubao mpana kama ule hauokoti kila siku. Biti ikivunjikia ndani hupotezi biti peke yake. Inaacha jeraha kwenye nakshi, na kipande cha chuma kimejificha humo kikingoja biti inayofuata.

Pale karakanani wote walilaumu ugumu wa mbao. Mimi nilikataa. Mpingo ni mgumu kuliko mvule, na bado viwanda huuchonga kwa mashine kutengeneza klarineti. Ugumu unakulazimisha kwenda polepole, basi. Mvunjaji mkubwa wa biti katika uchongaji wa kina ni urefu wa biti yenyewe.

Hesabu ni hii. Biti ni kama fimbo iliyoshikwa upande mmoja. Ukiongeza mara mbili urefu unaotokeza, kwa nguvu ile ile, inapinda mara 8. Ukipunguza unene kwa nusu, inapinda mara 16. Sasa fikiria mtu anayetaka nakshi ndogo ndogo chini kabisa ya shimo la milimita 20: anachagua biti nyembamba na ndefu, yaani anazidisha makosa yote mawili kwa pamoja. Halafu anashangaa.

Kwa hiyo tuligawa kazi. Biti nene ya milimita 6, fupi kadiri inavyowezekana, inaondoa mbao nyingi kwanza, ikishuka milimita 2 kila awamu na kuacha nusu milimita pembeni. Kisha inaingia biti iliyochongoka, nene shinani na nyembamba nchani, ambayo inabaki na kazi ya kusafisha tu. Na isishuke wima kama msumari. Ishuke kwa mteremko, ikizunguka, kwa sababu ncha ya biti nyingi haikati vizuri katikati.

Kuna jambo la mwendo ambalo wengi hulielewa kinyume. Ukiogopa, unapunguza kasi ya kusonga mbele lakini unaacha mota ikizunguka vile vile. Biti yenye makali mawili ikizunguka mara 18,000 kwa dakika na kusonga milimita 1,800, kila kali linakula 0.05 ya milimita. Punguza mwendo hadi 300 na kali linakula chini ya 0.01. Hapo halikati tena, linasugua. Biti inapata moto, makali yanakufa, na biti butu ndiyo inayokatika baadaye. Mzee aliliona hili bila kikokotoo: akachota kilichotoka kwenye mashine, akakisugua kwa vidole, akasema, "Huu ni unga. Randa nzuri hutoa maranda." Tulipunguza mizunguko, si mwendo, na maranda yakatoka. Kisha tukaelekeza upepo wa kompresa kwenye shimo, maana maranda yasipotoka hukatwa tena na tena na kuziba makali.

Upande wangu hasa ulikuwa faili. Mashine hizi husoma msimbo wa G, lugha yenye mizizi MIT, Marekani, ambako mashine ya kukata chuma iliyoongozwa kwa namba ilionyeshwa mwaka 1952 kwa utepe wa karatasi uliotobolewa. Ni lugha tiifu mno. Ikiandikwa

G0 X120 Y40 Z-12

mashine itakimbia kwa kasi yake yote, ncha ikiwa milimita 12 ndani ya mbao. G0 ni ya kupita hewani. Faili aliyoleta mteja ilikuwa na mistari 3 ya namna hiyo. Niliandika hati fupi ya Python inayosoma kila mstari na kukataa vitu vitatu: G0 chini ya uso wa mbao, kushuka wima ndani ya mbao, na kina kinachozidi nusu ya unene wa biti kwa awamu moja. Mistari 60 hivi ya Python, na ndiyo programu yangu iliyowahi kushukuriwa zaidi.

Halafu stima. Kompyuta ilikuwa kwenye UPS pamoja na kidhibiti cha mashine, mota ya biti haikuwa. Stima ikipotea, biti inasimama huku mashine ikiendelea kuisukuma. Tuliunganisha relei ili mota ikikosa umeme, kila kitu kisimame.

Lakini kuna kitu ambacho hati yangu haiwezi kuona. Mvule huficha mawe ndani yake, kalisi kabonati iliyojijenga kwenye nyufa za mti ulipokuwa hai. Biti ya milimita 3 ikikutana na jiwe hilo, hakuna hesabu itakayoiokoa. Mzee alipitisha randa ubao mzima, akisikiliza. Mahali palipolia, na penye rangi nyeusi kidogo kuliko pengine, alichora duara kwa chaki. Maduara mawili. Moja aliliparua kwa patasi, jiwe likatoka kama kidonge. La pili lilikuwa chini mno, kwa hiyo nilisogeza mchoro wote milimita 35 kushoto ili jiwe liangukie kwenye fremu, ambako hakuchongwi.

Ubao wa kwanza ulichukua saa 11 na biti mbili, zote nzima mpaka sasa. Wa pili una maduara manne, na mawili yako katikati kabisa ya ua.