Seva Haisikii Lafudhi Yako

Kuna michezo ya kompyuta isiyo na picha hata moja. Unasoma tu: umesimama kando ya mto, daraja liko kaskazini, chini kuna upanga. Unaandika unachotaka kufanya, na watu wengine walioingia wakati huo wanakuona na kuongea na wewe kwa maandishi. Inaitwa MUD. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex hapa hapa Uingereza, kisha mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Usidhani imekufa. BatMUD ya Finland iko hewani tangu 1990.

Mtoto wa ami yetu aliyeko Muscat anacheza mmojawapo, na ndiye aliyenipa wazo la kumuingiza mdogo wangu. Mdogo wangu ana miaka 13, Kiswahili anakielewa chote, kukisema ndiyo hataki. Tulikwenda Unguja, watu wakamcheka anavyotamka "ng'ombe", na tangu hapo hata bibi kwenye simu anajibiwa Kiingereza. Wengi wenu mnayajua haya, sina haja ya kurefusha. Nikajiuliza: je, akipata mahali ambapo hakuna sauti kabisa?

Shida ni kwamba amri zote za mchezo ni za Kiingereza. Basi nikaandika programu ndogo kwa Python, ya kukaa katikati, kati yake na seva. (Nikiwa nayo mezani mama aliuliza nafanya nini. Nikamwambia naandika kodi. Akauliza nani kanidai.)

Kazi yake ya kwanza ni kuingia. MUD hupokea wageni kwa Telnet, njia kongwe ya kompyuta kuzungumza kwa maandishi. Unahitaji anwani ya seva na namba ya mlango, kwa mfano 4000. Programu inafungua soketi, halafu inasubiri, na kwenye kusubiri ndipo penye utamu. Seva inauliza jina lako, lakini swali lake haliishii na mstari mpya, linabaki linaning'inia hapo. Ukiiambia programu isome mstari mzima, itasubiri mpaka kesho, na seva nayo inakusubiri wewe, kama wazee wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia". Kwa hiyo unapokea baiti zinavyokuja, unazirundika, na kila mara unaangalia kama neno "name" limeshatimia. Linaweza kufika nusu nusu: "na" sasa hivi, "me" baadaye kidogo. Likitimia, unatuma jina na alama za kumaliza mstari. Kisha unasubiri "password" kwa mtindo huo huo.

Hapo zitakuja baiti tatu za ajabu: 255, 251, 1. Si uchafu. 255 inamaanisha kinachofuata ni amri, si maandishi. 251 ni seva kusema "nitafanya mimi", na 1 ni kazi ya kurudisha kwenye kioo unachoandika. Inaahidi kuirudisha yenyewe, halafu hairudishi, ndiyo maana neno lako la siri halionekani. Umbea huo nimeupenda sana. Programu inazichuja tu baiti hizo na kuendelea. Neno la siri lenyewe usiliandike ndani ya skripti, na lisiwe lile la barua pepe yako, kwa sababu Telnet ya kawaida inapitisha kila kitu wazi.

Akishaingia, anachoandika kinapita kwanza kwenye kamusi. "Tazama" inakuwa "look", "kaskazini" inakuwa "north". Akiandika Kiingereza, programu inamjibu "Sijakuelewa" na haitumi kitu. "Chukua upanga" ni rahisi, unabadilisha neno kwa neno. "Chukua upanga mkubwa" inabidi ugeuze, maana Kiingereza kinatanguliza ukubwa. Na "mpe mzee mkate" ilinikalisha jioni nzima, kwa kuwa ile "m" ya mwanzo imeshambeba mtu kabla hajatajwa.

Baba, ambaye maisha yake hajafungua mchezo wowote, alivuta kiti. "Hiyo 'chukua' si sawa," akasema. "Kitu kilicho chini kinaokotwa." Mchezo una neno moja tu, "get". Kamusi yetu ina mawili.

Kiswahili kwa kweli kinaikalia vizuri mitambo hii ya zamani. Hakina herufi zenye vikofia na nukta za juu, kwa hiyo seva inayojua herufi za kawaida tu haituonei. Isipokuwa ile alama ya ng'. Simu huipinda, ikishapindwa inatumwa kama baiti tatu, na upande wa pili wanaona vinyago. Nimeweka mstari mmoja wa kuinyoosha. Ng'ombe sasa wanapita salama.

Michezo mingi inakataza programu inayokuchezea wewe ukiwa umelala, soma sheria za unapoingia. Yetu inafungua mlango na kutafsiri tu, na kinachofuata neno "sema" haikigusi. Hapo ndipo mdogo wangu na binamu wanapogombana, kwa Kiswahili chenye makosa ya herufi kila neno la tatu. "Nisubili dalajani, usiende pekeako." Anasubiriwa.

Bibi bado anajibiwa Kiingereza. Ila juzi, jitu fulani likimpiga pangoni, alipiga kelele kutoka chumbani, hakumwita mtu kwa jina: "Baba! Ukitaka kukimbia vita unaandikaje?"

"Toroka!" baba akajibu kutoka jikoni.

Nilipofungua faili la kamusi usiku, neno lilikuwa limeshaongezwa. Si mimi niliyeliandika.