Jiko Lililohama na Mto

Mto Kilombero hauna ukingo mmoja. Kiangazi unaweza kusimama mchangani ukamwita mtu aliye ng'ambo, upande wa Ulanga, akakusikia na kukujibu. Masika ikikolea, maji yanatandaa mbugani hadi huoni tena ng'ambo ilipokuwa, na pale pantoni ilipokuwa ikishusha magari mwezi uliopita panakuwa makao ya viboko na kambale. Ndiyo maana pale kivukoni, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sikuona mama ntilie aliyejenga mafiga akayategemea. Waliopika walipikia kitu cha kubebeka. Jiko la bibi yangu lilitengenezwa Katindiuka, Ifakara, uani kwetu, na mjomba, na mimi ndiye niliyekuwa nikikalia bati lisiruke wakati yeye akipiga tindo.

Bati jipya halikuwepo. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka 1979, lakini maduka hayakujaa: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, misumari kwa kuomba. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, tulisikia kwamba kuna watu walioficha mali wanaitupa usiku. Kwetu hakuna aliyetupa bati. Fundi majiko alibaki na mapipa makuukuu, na pipa lenyewe lilikuwa la kusubiriwa. Likipatikana, mafundi wawili wanaligombania kabla mwenyewe hajataja bei.

Mjomba alianza kwa kulinusa. Pipa lililowahi kubeba dawa ya kupulizia pamba hakuliingiza uani, hata lingekuwa la bure. Kuna watu waliolichukua wakalifanya la kuhifadhia maji, sitaki kukumbuka zaidi. Lililobeba mafuta ya mitambo alilipenda, na lililobeba lami alilikubali kwa manung'uniko, kwa sababu kulisafisha ni kazi ya aibu. Unalifungua vifuniko, unalilaza, unalijaza kuni na kuliwasha. Lami inayeyuka, inashika moto, na moshi wake mweusi unaingia hadi kwenye vyandarua vya watu. Jirani mmoja, aliyeoa kwetu, alikuja siku hiyo ameziba pua kwa kanga ya mkewe. "Shemeji, unapika jiko au unatupika sisi?" Mjomba akamjibu kwamba samaki wa kwanza ni wake. Alikuja kumdai kweli.

Bati la kuezekea aliliweka mbali na moto. Siku hizi ningesema ni kwa sababu lina zinki, nayo ikipata joto kali inatoa moshi mweupe unaomletea anayeuvuta homa na baridi usiku. Yeye neno zinki hakuwa nalo. Alijua homa tu.

Kipimo cha jiko kilitoka kwenye baiskeli. Hakuwa na futi, alikuwa na spoki, na spoki ya gurudumu la Phoenix ina urefu wa sentimita 30 hivi. Pipa likishapasuliwa na kunyooshwa juu ya kipande cha reli alichokifanya fuawe, alilikunja likawa boksi refu lenye upana unaoiachia spoki inchi moja ya kuegemea kila upande. Kwa hiyo mishikaki ilivuka kutoka ukingo hadi ukingo bila wavu wowote, nyama ikaning'inia juu ya makaa na ncha zikabaki nje ambako kidole kinaweza kuzishika. Spoki zilezile, zikisukwa na waya, zilitoa nyavu mbili zilizounganishwa kwa bawaba upande mmoja. Samaki anabanwa katikati, anageuzwa pamoja na nyavu zake, havunjiki. Kabla ya kugusa chakula zote zilichomwa hadi mng'ao wa kiwandani ukatoka, kisha zikasuguliwa kwa mchanga wa mtoni.

Kina cha boksi kilileta ubishi kati yake na Bibi. Yeye alitaka liwe fupi ili liwe jepesi, Bibi alitaka kirefu ili upepo wa mtoni usimpulizie majivu kwenye samaki. Walikubaliana kwenye kiganja na nusu. Chini, vidole viwili juu ya sakafu, iliwekwa sahani ya bati iliyotobolewa kwa msumari, matundu mengi yenye nafasi ya kupitisha hewa lakini si kaa. Ubavuni kikawekwa kilango cha kusukuma. Kikiwa wazi hewa inapanda kupitia matundu na makaa yanakuwa mekundu bila hata kupepea. Kikifungwa, moto unalala. Mafundi wengi walitoboa sakafu yenyewe, na majivu yakamwagikia miguu ya mpishi njia nzima.

Kisha udongo. Bati tupu lingeungua likatoboka mapema, tena joto lote lingetokea ubavuni na kumchoma anayekaa karibu. Mjomba alichukua udongo wa kichuguu, akauponda, akauchanganya na pumba za mpunga, ambazo Ifakara haziombwi kwa mtu, zimerundikwa nyuma ya kila mashine. Pumba zinaungua ndani ya udongo na kuacha vijitundu, na vijitundu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisipite. Aliusiliba mbavuni, unene wa kidole, lakini nusu ya chini tu, maana udongo ni mzigo na jiko hili lilikuwa la kutembea. Lilikaa kivulini siku nyingi kabla ya kuonjeshwa moto mdogo wa magunzi. Mwenye haraka akilianika juani anapata nyufa.

Wakati huohuo, kule Nairobi, mafundi wa Shauri Moyo walikuwa wanaanza kutengeneza jiko lenye kiuno na bitana ya udongo, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Baadaye likafika kwetu likaitwa jiko bora. Nilipoliona kwa mara ya kwanza Dar es Salaam nilicheka. Si kwamba mjomba aliwatangulia. Udongo na moto vimefahamiana muda mrefu, na kila fundi hukutana navyo kwa njia yake.

Miguu minne ya nondo ilichomekwa kwenye vikombe vya bati, haikupigiliwa, ili iweze kung'olewa. Kila ncha ya boksi ikapata sikio la chuma nene, na mti mmoja mrefu ukapitishwa kwenye masikio yote mawili. Pantoni ikihamishiwa sehemu nyingine, au maji yakianza kulamba visigino, mimi na binamu yangu tulibeba jiko mabegani, makaa yakiwaka ndani, Bibi akitangulia na beseni la samaki huku akitukumbusha tutembee upepo ukiwa ubavuni. Ukiwa mbele, cheche zinamrukia wa nyuma. Wa nyuma nilikuwa mimi.

Mkaa ulitoka kwenye miombo, kwa baiskeli, gunia limefungwa kwa kamba za magome. Bibi aligonga vipande viwili. Vikilia kama vigae, alinunua. Vikitoa sauti ya kitambaa, alirudisha na kumuuliza muuzaji kama amechoma mwembe wa nani. Mkaa wa mwembe unawaka upesi na kuisha kabla foleni ya magari haijasogea. Moto wa kuanzia ulitoka nyumbani ndani ya kopo, vijinga viwili vilivyozikwa kwenye pumba, kwa sababu kibiriti nacho kilikuwa bidhaa adimu.

Magari ya Mahenge na Malinyi yaliweza kukaa pale mchana kutwa. Dizeli ikikosekana, yalilala. Madereva, utingo, wauguzi wanaorudi kazini, wachuuzi wa mpunga, wote wana njaa na wote wanatazama maji yaleyale. Bibi aliwajua kwa magari yao. "Mwanangu wa Bedford, leo nina kitoga," angeita, na mtu anashuka. Wavuvi wa Kindamba walimletea kambale, perege na kitoga asubuhi, wengine wakiwa hai bado.

Kambale ana kazi. Anapakwa majivu kwanza, anasuguliwa hadi utelezi wote utoke, ndipo anaoshwa. Bibi alimpasua mgongoni, si tumboni, akamfungua kama kitabu, akamtia chumvi na ndimu na kumwacha apumzike. Ana mafuta mengi, na hayo mafuta ndiyo adui: yanadondoka, moto unalipuka, samaki anakuwa mweusi nje na mbichi mfupani. Dawa yake ilikuwa kusukumia makaa upande mmoja wa boksi na kumlaza samaki upande wa pili, kisha kunyunyiza majivu juu ya makaa kwa vidole, kama mtu anayetia chumvi. Perege alipewa moto mkali na muda mfupi, baada ya kuchanjwa mbavuni mistari mitatu. Na wavu lazima uwe wa moto kabla samaki hajaugusa, umefutwa kwa kipande cha kitunguu chenye mafuta. Samaki akiwekwa kwenye wavu wa baridi, ngozi inabaki huko.

Kwa wasafiri wa mbali alikuwa na wale waliobanikwa juu ya uchanja kwa moshi siku mbili, wakavu, wa kufungwa kwenye majani. Hao hawakuwa kazi ya jiko letu. Wageni walichanganya mambo haya mawili na Bibi hakuwa na subira nao.

"Bibi, huyu kambale ni dume au jike?" dereva mmoja aliuliza, akijifanya mjuzi.

"Kwao wote wana ndevu, mjukuu wangu. Kula, gari lako linaitwa."

Januari 2016 kivuko kilipinduka katika dhoruba. Mei 2018 Rais John Magufuli alizindua daraja lenye urefu wa mita 384, na sasa gari la Mahenge halisimami pale hata kwa kupunguza mwendo. Sioni ubaya wowote katika hilo. Waliowahi kumsubirisha mjamzito ng'ambo ya maji yale wananielewa. Lakini biashara ya kuchoma ilirudi mjini, kwenye baa na stendi, na huko mto hauhamishi kitu.

Mtoto wa yule binamu yangu ndiye fundi sasa, palepale Katindiuka. Anachomea kwa umeme. Majiko yake ni nusu pipa iliyolazwa juu ya fremu ya chuma, mengine yana magurudumu, yanatosha mbuzi mzima, na ameniambia wateja wameanza kuulizia gesi tangu serikali ilipotangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Sibishani naye juu ya gesi. Mkaa umemaliza miti tuliyokuwa tunaiona kwa macho kutoka barabarani. Ninachobishana naye ni wavu. Anauchomelea kwa nondo nene, kipande kimoja, hauna mwenzake wa kumbana samaki, kisha wateja wanarudi kulalamika kwamba perege wanavunjika. Nimemwambia anunue spoki. Anasema spoki ni za mishikaki.