Timu Ndogo, Kazi Mob: Unajifunza ama Unatumika Tu?

Wasee, kuna ushauri unazunguka sana kwa vijana waliosomea mambo ya pesa: ukikosa kampuni kubwa, ingia timu ndogo, utajifunza kila kitu. Mimi nakubali nusu.

Chukua benki ya uwekezaji. Hii si ile ya kupiga foleni kwa ATM. Kazi yake ni kusaidia kampuni kutafuta mtaji, kuuza hisa ama kununua kampuni nyingine. Hapa Nairobi ziko chache, leseni inatoka kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na timu zingine zinatosha kwa probox moja. Msee wa chini ndiye anajaza Excel, anapanga slaidi, anachambua vitabu vya hesabu na kukimbiza sahihi.

Nina rafiki wa hapa Mathare, tulianza naye digrii ya biashara. Karo ilinikatia mwaka wa pili, nikashika kamera. Yeye akamaliza, na sasa ako kwa timu ya watu wanne Westlands. Anashuka Juja Road saa nne usiku na laptopu kwa begi, akiomba asikutane na wale vijana. Kwao, yeye ndiye wa kwanza kulipwa mshahara wa mwezi, na wadogo zake wawili wanasoma na huo mshahara. Majuzi akaniuliza, "Nikae ama nitoke?"

Sikumuuliza masaa. Nilimuuliza, "Ukimaliza kazi, nani anaiangalia?"

Akanyamaza. Bosi wake hurekebisha usiku na kumtumia mteja. Yeye haelezwi ni nini kilibadilishwa wala kwa nini. Kesho anapewa nyingine.

Hapo ndipo shida iko. Masaa yanaumiza, sikatai. Mwaka wa 2021, vijana 13 wa mwaka wa kwanza Goldman Sachs waliandika kwamba wanafanya kazi wastani wa masaa 95 kwa wiki. Wiki ina masaa 168. Toa 95, unabaki na 73 ya kulala, kula, kuoga na kuwa binadamu. Huo ni unyama. Lakini kule angalau kuna mafunzo ya kuanzia, kuna wenzako wengi wa kuuliza, na dili hazikauki.

Nairobi dili ni za msimu. Mwaka wa 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na Dyer & Blair ya hapa hapa ilikuwa kwa meza moja na Morgan Stanley. Mauzo ya ukubwa huo hayaji kila mwaka. Kwa hivyo unaweza kukesha miezi mingi ukipanga slaidi za kuwabembeleza wateja, na hakuna dili hata moja uliyoiona ikifika mwisho. Umechoka, lakini ukiulizwa kwa intavyuu jinsi bei ya hisa inavyofikiwa, unababaika.

Huku mtaani tunajua hii kitu vizuri. Kuna fundi wa gari akifungua injini anakuita, "Kuja uone." Miaka miwili, una gereji yako. Kuna mwingine atakuoshesha spea na petroli mpaka uote ndevu. Wote wawili wanakuchosha sawa.

Watu wanapenda kutuambia mchumia juani hulia kivulini. Sawa, lakini angalia kama anayechuma na anayekula ni mtu mmoja.

Nilichomwambia ni hiki. Omba dakika 20 baada ya kila kazi, mpitie pamoja alichobadilisha. Omba uketi kwa mkutano wa mteja, hata kama ni kuandika tu kumbukumbu. Kwa timu ya watu wanne, bosi ako mita mbili kutoka kwako, na hiyo ndiyo faida halisi ya udogo. Akikataa hata hizo dakika 20, basi hiyo si shule. Ni kibarua cha suti.

Hatatoka kesho. Wadogo zake wanaenda shule, na ushauri wa "acha kazi ufuate ndoto" haulipi karo. Lakini amejipa hadi Desemba, na ameanza kuandika kwa daftari kila kitu kipya anachofunzwa. Wiki ya kwanza ameandika mistari miwili.