Starehe na Ujirani

Kazi imesifiwa sana katika lugha yetu, na sifa hizo ni haki yake. Starehe haikupata wakili. Mtu akionekana jioni ameketi na wenzake, kikombe cha kahawa mkononi, huulizwa kama hana shughuli. Akionekana amebeba gunia, hapana amwulizaye kama ana marafiki. Nataka kuitetea kidogo starehe ya chakula, ya sanaa na ya mazungumzo, kama nilivyoijua katika kisiwa cha Unguja. Neno langu ni moja: starehe ya mji huzaliwa na ujirani. Palipo na watu wakaao karibu, wanaojuana na kustahiana, chakula kidogo huwa karamu, na wimbo mmoja huwa mali ya wengi. Ujirani ukiondoka, chakula hubaki na wimbo hubaki, lakini huwa bidhaa tu.

Mimi ni mzaliwa wa Bwejuu, pwani ya mashariki, na miaka yangu mingi ya utu uzima nimeipitisha katika Mji Mkongwe. Watu wa mjini huniita mtu wa shamba, na watu wa Bwejuu huniita mtu wa mjini. Majina hayo hayanidhuru. Yamenipa nafasi ya kuona jinsi pande mbili hizi zinavyolishana.

Nianze na baraza. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina kikao cha mawe na chokaa kilichoshikamana na ukuta wa mbele, kando ya mlango. Kikao hicho ni cha mwenye nyumba, na ni cha mpita njia pia. Mgeni hupokewa hapo pasipo kuingia ndani penye watu wa nyumbani. Mzee aliyechoka hupumzika. Mvua ya masika ikijaza uchochoro, watoto hupita juu yake kama juu ya daraja. Katika baraza moja ya namna hiyo watu wanne tulizoea kukutana baada ya sala ya isha: seremala, mwalimu wa skuli, fundi cherehani na mimi. Muuza kahawa alipita na mdila wake wa moto, akigonganisha visikombe ili tujue amefika. Kahawa yake ilikuwa chungu, na kashata ilitafunwa kuupoza uchungu huo.

Gharama ya baraza ni ndogo, lakini ada zake ni nyingi. Ajaye hutoa salamu kwa waliokaa. Waliokaa husogea, hata ikiwa nafasi haipo. Mkubwa kwa umri hakatizwi maneno. Habari za siasa husemwa, za mpira husemwa zaidi, na aibu ya jirani haisemwi hata ikiwa inajulikana na wote. Asiye na neno hunyamaza, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa mchango. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba wanafunzi wake waliokulia karibu na baraza humjia wakijua kusikiliza, na kazi yake kwao huwa nusu.

Kutoka barazani miguu yetu ilielekea kwenye chakula. Mtu asiyeujua urojo huuona kuwa ni mchuzi wa manjano tu. Kwa hakika bakuli moja la urojo ni mkutano: uji mwepesi wa unga uliotiwa bizari na embe mbichi au ndimu, ndani yake viazi, kachori, bajia na mishkaki, juu yake chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo. Bajia na kachori zilikuja na watu wa Bara Hindi, muhogo asili yake ni Marekani ya Kusini, na nazi tunaiangua wenyewe. Kila kimoja kimehifadhi ladha yake, na hapana kinachoomba radhi kwa kuwamo bakulini. Mpishi mwenye uchochoro wake huwajua wateja wake: huyu haongezewi pilipili, yule hulipa mwisho wa wiki, na mtoto wa fulani apewe kachori moja zaidi kwa sababu mama yake anaumwa. Elimu hiyo haiuzwi, nayo ndiyo kiungo kikubwa cha urojo.

Forodhani nako tulikwenda. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na kila machweo wauzaji huwasha makaa yao mbele ya bahari. Hapo pana samaki, mishkaki, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, na pweza aliyechomwa. Kila nilipomwona pweza juu ya makaa, fikira zangu zilivuka kisiwa zikarudi Bwejuu.

Kwetu maji yakipwa, bahari huondoka mbali hata mtu aweza kutembea muda mrefu juu ya mchanga kabla ya kuufikia mwamba. Hupwa zaidi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Ndipo wanawake hutoka na fimbo zenye ncha. Pweza hugeuza rangi yake ikafanana na jiwe, lakini jicho lililozoea hulijua shimo lake kwa makombe aliyoyatupa mlangoni baada ya kula. Akitolewa huwa kazi haijaisha, kwa kuwa lazima apigwe sana alainike ndipo apikwe. Wanawake hao hao, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hulima mwani katika maji hayo. Na tangu zamani huyafukia makumbi ya nazi pwani, wakayafukua baada ya miezi, wakayaponda, wakasokota kamba za usumba. Mama mkubwa aliyenilea alikuwa na sheria moja: mkono mmoja wa kila pweza ulikuwa wa jirani, hata siku ambayo pweza ni mmoja na watoto ni saba. Nilipokuwa mdogo niliiona kuwa hasara. Niliifahamu siku ile sisi tulipokosa, na sahani ikaja kutoka mlango wa pili.

Sanaa yetu nayo haikutengwa na sheria hiyo. Taarabu ya Unguja ina vyama vyenye umri mkubwa: Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Fidla, kanuni, udi na kodiani huandaa njia, kisha mwimbaji huingia taratibu. Mgeni akisikiliza husikia sauti na ala, na zinamtosha. Jirani husikia zaidi. Beti ikitajwa, mwanamke mmoja huinuka, hutembea kwa madaha mpaka mbele, humtuza mwimbaji, na ukumbi mzima hujua beti hiyo imepelekwa kwa nani na kwa kosa gani. Fumbo halina nguvu pasipo watu wanaojuana. Fumbo lisilo na jirani wa kulifumbua ni maneno matamu tu.

Mwimbaji mkuu wa taarabu ya Kiswahili alitoka shamba. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alijua kuchuuza vyungu kabla hajajulikana kwa sauti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Alifariki mwaka 1950, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert. Aliimba katika lugha ya watu mambo yaliyowapata watu, na yaliyotokea mitaani siku chache nyuma yaliweza kuwa wimbo. Kama asingeishi katikati ya watu wale, angeimba nini?

Sasa naja katika jambo linalonisumbua. Miaka michache iliyopita nyumba aliyopanga fundi cherehani iliuzwa, ikageuzwa nyumba ya wageni. Baraza tuliyokaa ilikuwa ya nyumba ile. Siku hizi imepangwa vyungu vya maua, vizuri kwa kutazama, na hapana akaaye. Mwenzetu alihamia Fuoni. Akija mjini jioni, jicho lake moja lilikuwa kwetu na jingine katika saa, kwa kuhofia kukosa gari. Mazungumzo yakawa mafupi, kisha yakawa machache. Mji Mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ni heshima kubwa. Lakini mawe na milango huandikika, na majirani hawaandikiki.

Sina ugomvi na wageni. Wapwa zangu wa Bwejuu hupata riziki kwao, na matamasha yanayowavuta, kama lile la filamu lililoanza mwaka 1998 na Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, yametuonjesha na sisi wenyeji sanaa za nchi nyingi. Chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002, Dhow Countries Music Academy, kimewafundisha vijana wengi kanuni na udi. Shida yangu ni kipimo. Bwejuu nimeona siku ambazo pweza amenunuliwa kwa ajili ya hoteli kabla hajafika mchanga mkavu, na aliyemvua akarudi nyumbani na fedha na dagaa. Fedha ni njema. Lakini mkono wa jirani hauwezi kukatwa katika pweza aliyekwisha kwenda, wala sikuona mtu aliyepeleka mkono wa noti mlango wa pili.

Tulifanya nini? Seremala, mtu wa maneno machache, alikuja siku moja na mbao alizobakiza kazini. Akatengeneza benchi refu, tukalipakia garini, tukaliweka nje ya nyumba ya fundi cherehani huko Fuoni. Wiki ya kwanza tulikaa wanne. Wiki ya pili alikuja mzee wa nyumba ya pili, akatoa salamu, tukasogea. Baadaye walikuja vijana na bao lao, na muuza kahawa wa mtaa ule akaongeza hatua mpaka kwetu. Mke wa mzee yule hutuletea kachori za moto. Siku za mapumziko wenzangu hunifuata Bwejuu, na nyumbani kwetu pweza wa nazi hupikwa kwa sheria ya mama mkubwa.

Sisemi kwamba benchi la Fuoni limeirudisha baraza ya mjini. Uchochoro ule umepoteza watu wake, na wenye madaraka na wenye nyumba wana wajibu wa kufikiri jinsi mji utakavyobaki na wakaaji wa kuupamba. Lakini wajibu hauishi kwao. Aliyeachiwa desturi na wazee wake na aiweke mahali ambapo mwingine ataweza kukaa: ahifadhi ada ya kusogea, apeleke sahani mlango wa pili, amfundishe mtoto fumbo na maana yake. Starehe inayopatikana hivyo ni kazi, na kama kazi nyingine hutaka watu wasiochoka.