Diani: Mita 200 za Kwenda Baharini

Tangazo lilisema nyumba iko "mita 200 kutoka ufukweni", na kwa kweli halikudanganya. Lilichosahau kusema ni kwamba katikati ya hizo mita 200 kuna barabara!

Wasomaji wangu, tuliihitaji sana hiyo likizo. Mwaka ulikuwa mgumu: kazi, ada, maneno ya hapa na pale, mpaka mimi na baba watoto tukawa tunaongea kama wapangaji wa nyumba moja. Tukasema twende mbali kidogo. Tukapanda basi Tanga, tukagonga mihuri Horohoro na Lunga Lunga, tukashuka Ukunda na kuchukua tuktuk (ni bajaji hiyo hiyo, wenzetu Kenya wanaiita tuktuk) hadi Diani.

Barabara ya Diani inakwenda sambamba na bahari. Upande wa bahari wameshika mahoteli na wenye nazo. Upande wa bara ndiko unakopata nyumba ya kupanga kwa bei ya watu kama sisi. Mchanga wenyewe ni wa kila mtu, lakini huwezi kukatisha hotelini kwa watu na taulo lako begani. Unatafuta kichochoro cha umma kati ya kuta mbili. Chetu kilikuwa ng'ambo, kushoto kidogo ya geti.

Siku ya kwanza baba watoto alibeba kapu la chakula, akavuka, akageuka na kupunga mkono: "Njooni!" Mimi nimebaki huku na mtoto wa miaka 4, mkoba, na lile boya la kuogelea. Matatu zinapita, tuktuk zinatambaa zikitafuta abiria. Mara dereva mmoja wa matatu, mstaarabu wa watu, akasimama na kutuashiria tupite. Nikaingia barabarani. Jamani! Nyuma ya ile matatu bodaboda alikuwa anaipita kwa kasi. Alitukosa kwa kiganja. Boya likaruka, mtoto akapiga kelele, miguu yangu ikawa maji.

Nilipofika ng'ambo mume wangu akasema, "Si uwe unaangalia?"

Siku ile nilikaa kwenye mchanga mweupe kama unga na sikuona kitu.

Kesho yake asubuhi askari wa getini, mzee wa Kidigo, alituita. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Jana niliwaona." Akatufundisha. Gari likikusimamia, usiliamini. Limekuficha kinachokuja nyuma yake. Fika kwenye kona yake, simama, chungulia, ndipo upite. Usivukie pale tuktuk zinapoegeshwa, tembea hadi barabara inaponyooka uone mbali. Kisha akamgeukia mume wangu, kwa upole tu: "Na wewe baba, hapa watu hawavuki mmoja mbele mmoja nyuma."

Baba watoto si mtu wa kuambiwa. Lakini akamchukua mtoto, akasimama kuliani kwangu, magari yanakotokea kwanza. Tulipofika katikati ya barabara akahamia kushoto, kwa sababu sasa hatari ilikuwa inatokea huko. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kitu kingine muulize mwenye nyumba maji yanajaa saa ngapi, na kumbuka saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Sisi tulienda bahari imejaa, mchanga umebaki ukanda mwembamba, tukarudi tulikotoka. Mara mbili barabarani bure!

Jioni ya nne, kibarazani, mtoto akichezea vikombe, akaniambia alikuwa anadhani kutangulia ndiyo kutulinda. Natamani niseme nilijibu jambo zuri. Nilisema, "Ada ya muhula wa pili nililipa peke yangu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema anajua. Basi tukaanza hapo. Tuliongea mpaka mbu wakatufukuza ndani, na kesho yake tukaendelea pale tulipoachia.

Siku ya kuondoka tulisimama kando ya barabara kungoja tuktuk. Juu yetu, kutoka mti hadi mti, palikuwa na ngazi ya kamba. Nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza nikadhani ni nyaya. Kumbe ni daraja la mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, ambao walikuwa wanagongwa sana na magari. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza kazi hapo Diani mwaka 1997, ndilo huyatundika. Wakapita watatu juu ya vichwa vyetu, mmoja amebeba mtoto mweupe pee tumboni, chini matatu zinaunguruma.

Mwanangu akaangalia juu, akaangalia barabara, akaniuliza, "Mama, mbona wao wana daraja na sisi hatuna?"

Nikamwambia amuulize baba yake, ambaye alikuwa amembeba begani na mkoba wangu mkononi.